Petro alienda na ndugu sita

Swali la wiki hii, eti nabii ama pasta akikupa amri inayopingana na Biblia utafuata gani, najua wengi watajibu "Biblia, kwisha". Mi naishi hapa Manyatta, Kisumu, na nawaambia si rahisi hivo, juu pasta wa siku hizi haji mikono mitupu, anakuja na mstari wake.

Kuna jirani yangu alikatazwa na pasta wake kwenda matanga ya babake huko Ugenya, ati ni mambo ya mapepo, akasomewa Mathayo 8:22, waache wafu wazike wafu wao. Na yeye ndio kifungua mimba! Alienda, wakamtoa kwaya. Sasa fungua Marko 7 uone vile Yesu aliwachemkia Mafarisayo juu ya korbani, mtu anasema mali nishampea Mungu kwa hivo mzazi asiningojee, na Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kumbe hata kutumia ibada kukwepa wazazi ni ujanja wa kitambo.

Lakini kuna mwenye atauliza, si Mungu mwenyewe alimwambia Petro kwa maono achinje ale wanyama wenye Walawi 11 imekataza? Kweli, Matendo 10. Lakini usiishie hapo. Petro kwanza alikataa, na hakuna radi ilimpiga. Alafu kwa Kornelio, afisa wa jeshi la Roma asiye Myahudi, alienda na ndugu sita wa imani, na kurudi Yerusalemu waumini wakamkalia, mbona umekula na wasiotahiriwa, na yeye mtume mzima akawaelezea mambo yote toka mwanzo mpaka wakaridhika. Hakuwaambia msiguse masihi wa Bwana, yaani mtu Mungu amempaka mafuta. Huo mstari, wueh, umetumika vibaya hii Kenya kunyamazisha watu, na Daudi mwenye alikataa kumgusa mfalme Sauli bado alitoka nje ya pango akamwambia makosa yake wazi wazi watu wakiskia.

Huko msitu wa Shakahola, Kilifi, 2023 watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ndio wakutane na Yesu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Hio haikuhitaji mtu amesomea theolojia kujua inapingana na "usiue", ilihitaji mahali pa kuuliza.

Kwa hivo mi pasta akinipa amri kama hio simbishii kwa simu wala kwa mlango. Namwambia tuite wazee wa kanisa, aje na mistari yake nije na yangu, na kama hataki wakuwe hapo, basi hio amri abaki nayo.