Anashtuka Usiku, Asubuhi Hakumbuki Kitu

SWALI: Shikamoo dada. Naomba unisaidie maana sina wa kumwambia. Nina miaka 27, nimeolewa mwaka jana mwezi wa nane, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Mchana ni mzima kabisa ila usiku, mara mbili au tatu kwa mwezi, kwenye saa kumi alfajiri hivi, anatoa mlio kama wa ng'ombe, anakakamaa, halafu anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, povu linamtoka, baadae anakoroma sana na kuendelea kulala. Asubuhi nikimwambia anasema namsingizia, hakumbuki chochote, ila analalamika mwili unauma kama amebeba zege na ulimi una kidonda pembeni. Siku moja alijikojolea, tukaanika godoro bila kuongea. Mama mkwe kwao ni Mahenge, nilipomgusia akanyamaza, baadae akasema hayo ni mambo ya ukoo yana mganga wake. Ndugu zangu wanasema nisilale nae, povu linaambukiza, na mimi nina mimba ya miezi minne. Wiki hii nimehamia chumba cha pili na mdogo wangu. Nifanyeje dada, na mtoto atazaliwa nayo? (Mke wa fundi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo la chumba maana ndilo lililoniuma: leo usiku rudi kwa mumeo. Lile povu ni mate tu, mtu akiwa kwenye degedege hawezi kumeza, mate yanachanganyika na pumzi yanakuwa povu, na likiwa na wekundu ni damu ya ule ulimi aliojing'ata. Haliambukizi hata likikugusa mkononi au mdomoni. Hicho ninachokiona kwenye maelezo yako ni kifafa, na kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hakirukii mtu. Kama hofu yako ni tumbo kupigwa kwa mkono au goti, hiyo ni hofu ya haki kabisa, weka godoro lako chini pembeni yake, lakini chumba kiwe hicho hicho.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu kwa maelezo yako mumeo ana kila dalili ya kifafa cha usingizini, na mwenye kifafa cha namna hii ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba anacho. Hakudanganyi anaposema hakumbuki. Wewe unaelala nae ndiye macho ya daktari, bila wewe ataingia chumba cha daktari aseme tu "mwili unauma", apewe dawa za maumivu, apimwe malaria, arudi nyumbani. Nimekaa kliniki miaka mingi na nimewaona wengi wa hivyo. Na kaka yangu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, sisi watoto tulijua tu usiku kitanda kinagonga ukuta, mama anawasha taa ya chemli, anakaa nae, asubuhi chai kama kawaida na hakuna anaesema kitu. Tulikaa kimya miaka minne. Minne mizima, wakati dawa ipo.

Sasa kuhusu ushahidi. Chukua simu, ila mwambie kwanza, mwambie wakiwa hawapo watu: "nikiona tena nitarekodi ili ujionee mwenyewe". Rekodi kuanzia mapema unavyoweza, sekunde chache zinatosha, halafu weka simu pembeni umhudumie. Video hiyo ni ya kwake na ya daktari, isiingie kwenye grupu la ukoo wala kwa rafiki yako. Andika na tarehe, saa, alikakamaa muda gani, alilala saa ngapi jana yake, alikunywa pombe au la. Daktari aliyebobea mambo ya ubongo atajua mengi kwenye ile video kuliko kwenye maelezo ya nusu saa. Anaweza kumtuma kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachoitwa EEG, na hapa nikuombe kitu: kikitoka safi msishangilie mkaacha. Kipimo kikifanyika mchana mtu yuko macho kinaweza kutoonyesha kitu kabisa, ndiyo maana wakati mwingine wanamwambia mgonjwa akeshe kidogo ili asinzie akiwa kwenye mashine.

Watu wengine watakwambia ni jinamizi. Hapana, mtu wa jinamizi anajua kabisa, yuko macho, anaona chumba, ila mwili haunyanyuki, na asubuhi anakusimulia mwenyewe. Huyu wako hajui kitu na ulimi umekatika pembeni, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ikitokea tena usiku, fanya hivi. Angalia saa. Toa mto laini usoni, sogeza chandarua kisimzunguke shingoni, msimbane mikono na miguu, na tafadhali sana kijiko kisiingie mdomoni, wala kidole chako, meno yanavunjika na kidole kinakatika, na ulimi haumezwi kama watu wanavyosema. Maji asimwagiwe wala asinyweshwe. Kutetemeka kukiisha mgeuze alale ubavu, mate yatoke nje, angalia anapumua, kaa nae mpaka akujibu jina lake. Mara nyingi inaisha ndani ya dakika mbili tatu. Ikifika dakika 5 haijaacha, au inakuja nyingine kabla hajazinduka, au pumzi hairudi vizuri, hiyo ni ya kukimbiza hospitali usiku huo huo, usisubiri kuche.

Na hapa nitasema kitu kigumu, samahani, lakini wewe ni mtu mzima. Kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, kama mmoja hivi kwa mwaka anafariki ghafla, na mara nyingi ni usiku, kitandani, amelala kifudifudi, hakuna aliyeona. Wanaopata degedege kubwa usingizini na wanalala peke yao wako kwenye hatari zaidi. Ndiyo maana nilianza na chumba. Sisemi ukeshe unamchungulia, utaumwa wewe na mtoto, nasema tu mtu awepo wa kusikia na kumgeuza. Kinachopunguza hatari kuliko vyote ni dawa kuzuia ile degedege isije kabisa.

Dawa zipo na siyo za ajabu: fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu 1912, ipo kabamazepini, ipo levetirasetamu na nyingine, daktari atachagua. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi asilimia 70 yao wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sahihi na kuzimeza. Neno lenyewe ni hilo, kuzimeza. Wengi wanaharibu hapo, mwezi wa tatu usiku umetulia, anasema nimepona, anaacha ghafla, inarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Weka alamu ya simu, dozi ya usiku isirukwe, na msisubiri kopo liwe tupu ndiyo muende, maana kuna wakati utaambiwa zahanati imeishiwa, rudi wiki ijayo, na kwa mwenye kifafa wiki hiyo ni ndefu mno.

Kuhusu kazi yake. Kupata usingizini tu siyo hakikisho kwamba mchana haitakuja, wengine huwa inakuja. Mpaka atulie kwenye dawa asipande ngazi, asichomelee juu ya paa, asiendeshe pikipiki. Najua ni mkate wenu, lakini chini kuna kazi za mageti, aombe mwenzake apande. Na asikeshe kumalizia oda ya mteja, kukosa usingizi na pombe ni vichokozi vikubwa vya ugonjwa huu.

Mama mkwe wako usimchukie. Mahenge, kule wilaya ya Ulanga, kifafa ni kingi kweli na watu wake wamepitia mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta kule wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu makubwa ya moto kwa sababu walianguka motoni na watu wakaogopa kuwagusa, hofu hiyo hiyo ya povu waliyokupa ndugu zako. Akaanzisha kliniki, akawapa dawa, wakaanza kutulia. Baadae watafiti wakaona maeneo yenye usubi wengi, wale nzi weusi wadogo wa mitoni wanaoleta upofu, ndiyo yenye kifafa kingi pia. Kwa hiyo kuonekana kwa watu wengi wa ukoo mmoja siyo laana, huenda wameishi kando ya mto mmoja na kuumwa na nzi wale wale. Mwambie daktari kwamba mumeo ana asili ya huko na kama aliishi kule utotoni. Mwambie pia kama kuna nguruwe wanaofugwa bila banda mtaani, maana mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mwilini kupitia mikono au chakula kichafu minyoo inaweza kukaa kwenye ubongo, na hilo linampata hata asiyekula kitimoto.

Na mtoto wako: watoto wengi sana wa mzazi mwenye kifafa hawakipati. Nenda kliniki ya wajawazito kama kawaida, jifungulie hospitali.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Alfajiri mdomo unavutika upande mmoja, mate yanamwagika, anatoa sauti kooni, ananiangalia anajua ila hawezi kuongea, dakika moja imeisha. Jirani anasema ni degedege la homa, ila hana homa. (Mama wa Mwanza)

JIBU: Degedege la homa ni la watoto wadogo, kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5, na lazima kuwe na homa. Hicho ulichoeleza kinafanana sana na aina ya kifafa cha watoto kinachokuja wakiwa usingizini au wanapoamka, na habari njema ni kwamba kwa wengi kinaisha chenyewe wakifika miaka 15 au 16. Siyo wote wanaohitaji dawa za kila siku. Mpeleke kwa daktari wa watoto na video, mwalimu wake ajue, na shuleni aendelee kwenda.

SWALI: Natumia dawa ya kifafa asubuhi na jioni, nina miezi 7 sijaanguka. Ramadhani inakuja, naweza kufunga? (Kijana, Tanga)

JIBU: Hongera kwa hiyo miezi 7 mdogo wangu. Nenda kliniki mwezi wa Shaabani, siyo siku ya kuandama mwezi. Dawa nyingine zinaweza kupangwa futari na daku, nyingine daktari atabadilisha, ila usijipangie mwenyewe na usiruke dozi. Kwako shida kubwa siyo njaa, ni usingizi: tarawehe, kukaa barazani mpaka saa saba, kuamka daku. Lala mapema baada ya tarawehe, na mchana lala tena kabla ya alasiri. Daktari akisema usifunge, mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe, sura ya pili aya ya 184, na mama yako mwambie mapema ili asubuhi akuwekee chai.