Umesomea biashara na unataka umeneja? Anzia stoo

Mkuu, umesema ulimaliza shahada ya Utawala wa Biashara mwaka juzi, kila tangazo lenye neno "meneja" unaomba, na simu haiiti. Mimi nimekulia kwenye depo za vinywaji hapa Dar, nikaanza karani wa stoo hadi kushika tawi, na siku hizi nakaa kwenye jopo la usaili. Nakujibu kwa ninayoyaona huko.

Nafasi ya meneja ikitangazwa, mara nyingi bosi ana mtu wake ndani anayemfikiria, au anataka aliyekwisha kushika tawi kwingine. Hawezi kumkabidhi mgeni mzigo wa mamilioni kwa sababu ya cheti. Kwa hiyo omba za chini yake: karani wa stoo, afisa mikopo, keshia, ofisa mauzo wa kuzunguka na gari. Ukiniuliza mimi, stoo inazishinda zote, maana ndipo biashara inapovuja.

Chukua kreti unalonunua kwa shilingi 18,000 na kuuza 20,000. Faida ni 2,000. Kreti moja likipotea, inabidi uuze mengine 9 ndipo urudishe hela ya hilo moja, na hapo hujalipa mafuta ya gari wala vibarua. Kijana anayelijua hili hawezi kusaini kupokea mzigo bila kuhesabu, chupa tupu nazo anazihesabu, na mzigo unaokaribia kuisha muda anautanguliza mlangoni. Hiyo ndiyo menejimenti yenyewe. Swali hilo la kreti huwa nawauliza wasailiwa, na wengi wenye GPA nzuri huanza kunieleza nadharia za uongozi.

Wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo na kampuni za kifamilia hawatangazi sana. Peleka barua kwa mkono, na umuulize msimamizi wa ghala mwenyewe, usiishie kuiacha mapokezi. Epuka siku za mwisho wa mwezi, wanafunga hesabu na hakuna mwenye muda na wewe. Waambie pia ndugu, jirani, watu wa kanisani au msikitini kwamba unatafuta na unaweza kufanya nini hasa. Kuna wanaoona hilo ni aibu. Nimeajiri watu wazuri sana kwa njia hiyo.

CV yako iwe kurasa mbili basi. Ondoa "mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo", kila mtu ameandika hivyo. Kama uliwahi kusimamia duka la mjomba au kuwa mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, andika ulikuwa unashika kiasi gani, ulikuwa unahesabu lini, na upungufu ulikuwaje kabla yako na baada yako. Mstari mmoja wa namna hiyo unanifanya niipigie simu namba yako. Na yeyote anayedai hela ya fomu au ya sare kabla ya mkataba ni tapeli, mkimbie.

Serikalini ni njia nyingine kabisa. Jisajili Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, halafu tafuta Afisa Biashara, Afisa Masoko, Afisa Tawala. Nafasi za ugavi wanahitaji usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Hakikisha majina ya NIDA na ya vyeti yanafanana, na weka vyeti vyenyewe vya kidato cha nne na sita, kwa sababu hati za matokeo hawazikubali. Wanachuja kwa mtihani wa kuandika kwanza, kwa hiyo rudia madaftari yako ya uhasibu.

Sasa hili ndilo ninalokuomba ulishike sana. Siku wakikupa tawi au stoo, usipokee funguo kabla hamjahesabu mzigo wote pamoja na anayetoka, mkasaini hati ya makabidhiano na nakala ukabaki nayo. Nimeona vijana wakibebeshwa shoti, yaani upungufu wa mzigo au hela, ya mtu aliyeondoka zamani, mshahara unakatwa kila mwezi nao wamenyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri akukate tu kwa hasara: lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, uwe umepewa nafasi ya kujieleza, uwe umekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wakikataa kuelewa, peleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Lakini huko utaulizwa ulipokea nini siku ya kwanza, na bila ile hati huna cha kuonyesha.

Ukiitwa usaili wowote wa stoo au mauzo, andika hapa wanauza bidhaa gani, nikuelekeze maswali ya kujiandaa nayo.