Niliangalia Ndoo, Sikuangalia Kinywa

Juma lililopita nilipata ujumbe wa dada mmoja anayefuga ng'ombe wawili huko Njombe. "Shikamoo mzee wangu," aliandika, "ng'ombe wangu anadondosha ute, anatema majani aliyokwisha kutafuna, na taya la kushoto limevimba. Majirani wanasema nimuuze. Nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi kabla ya kumjibu, kwa maana ng'ombe wa namna hiyo niliwahi kuwa naye, na sikulibakiza kosa hata moja.

Wangu alikuwa chotara wa Friesian aliyenipa lita 14 kwa siku, nami nilikuwa na ndoto mliyo nayo wengi wenu, ya kufikisha ng'ombe kumi na kuuza maziwa Moshi mjini bila kupitia kwa wachuuzi. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, cha Machame hakitoshi majani, kwa hiyo kila kiangazi tulipandisha mabua ya mahindi kwa pikapu kutoka tambarare na kumtupia yakiwa mazima, makavu, yenye ncha za kuchoma. Maziwa yaliposhuka hadi lita 8 nilimwita mtaalamu, akampa dawa ya minyoo. Yaliposhuka hadi 5 akampa dawa ile ile, na mara zote mbili nililipa. Kinywa hakuna aliyekitazama. Asubuhi moja, nikifagia hori, niliokota vibonge vya mabua vilivyosokotwa kwa ute, vikubwa kama mayai ya kuku, vikinuka kama kidonda. Nilipompapasa taya nilikuta uvimbe usiosogea, mgumu kama goti.

Daktari wa mifugo aliyekuja baadaye alinieleza kuwa bakteria aitwaye Actinomyces bovis huishi kinywani mwa ng'ombe mwenye afya bila kumdhuru, lakini bua likichoma ufizi, au jino jipya likiupasua ili kuota, hupata njia ya kuingia hadi kwenye mfupa. Sindano ya iodaidi ya sodiamu mshipani, pamoja na antibayotiki, huweza kuusimamisha ugonjwa; mfupa uliokwisha kuliwa haurudi ulivyokuwa. Magego mawili ya ng'ombe wangu yalikuwa yakicheza. Alichukuliwa na mchinjaji kwa bei ambayo hadi leo sijamtajia mke wangu.

Wako pia bakteria wasiohitaji hewa, wanaojificha kati ya jino na ufizi pamoja na mabaki ya majani, hadi ufizi unaachana na jino na jino linalegea. Msidhani kuwa hayo ni ya ng'ombe wazee tu: nchini Brazil, kwenye malisho mapya yaliyooteshwa baada ya kufyeka misitu, ndama waliugua fizi hadi mashavu yakavimba, na wafugaji wakauita ugonjwa huo cara inchada, yaani uso uliovimba.

Basi ndugu zangu, kagueni kinywa. Sisi humfungua ng'ombe mdomo mnadani tu, kuhesabu meno manane ya mbele, ambayo yote yako chini, ilhali maradhi haya hupenda magego, tusikofika. Papaseni taya kwa nje, pande zote mbili, kila juma, mkizilinganisha. Nuseni pumzi yake. Katakateni mabua na kuyalowesha kabla ya kulisha. Nimelisema hili mara nyingi na bado napita kwenye mabanda nikiona mabua mazima. Lakini msiingize mkono mtupu kinywani mwa ng'ombe anayetoa ute, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Mimi niliuingiza, na daktari alinikaripia mbele ya wanangu, kwa haki kabisa.

Dada wa Njombe nilimwambia asiuze kabla daktari hajamwona ng'ombe. Jana alinitumia picha: uvimbe ulikuwa laini, haukuwa wa mfupa, umepasuliwa na usaha umekamuliwa, na kiganjani mwake kuna kipande cha bua chenye urefu wa kidole. Nilifurahi, na niseme kweli, niliona wivu kidogo.