Gramafoni za zamani mjini Lubumbashi: kwa wewe unayeanza kazi hii

Ikiwa umeamua kujifunza kufufua gramafoni, zile ambazo wazee wetu hapa Lubumbashi huziita turnadiski, ninakuomba uahirishe jambo moja ambalo karibu kila anayeanza hulitamani kwanza, nalo ni kununua sindano mpya. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri wakimaliza akiba ya miezi mitatu kwa seluli, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, kisha wakaifunga kwenye mashine ambayo sahani yake inayumba na mota yake inanguruma, wakashangaa kwamba sauti imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Sindano bora ilikuwa imeanza tu kuwasikilizisha makosa ambayo ile iliyochakaa iliyaficha. Kazi hii huanzia chini ya mashine, kwenye umeme, mota na mhimili, ikapanda taratibu hadi kufika kwenye sindano.

Mashine zitakazofika mezani kwako hapa mjini ni za namna chache. Zipo zile za sanduku lenye mpini, kama Teppaz za Lyon na Philips ndogo, ambazo zina spika ndani ya kifuniko. Zipo Dual za Ujerumani, zenye mitambo ya kujiendesha inayoinua mkono na kuurudisha yenyewe. Zipo nzito za Uswisi, Lenco na Thorens, ambazo familia nyingi zilizirithi tangu mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Nyingine hupitia mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, na siku hizi zipo ambazo watoto walioko Marekani huwatumia wazazi wao. Hizi za mwisho ndizo zilizonifundisha zaidi, na nitazirudia.

Kabla ya kuchomeka plagi ukutani, fungua mashine na uitazame. Zile za sanduku ni za hatari kuliko zinavyoonekana, kwa sababu baadhi yake hazina transfoma ya kutenganisha, na bati la ndani limeunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme. Ukiigusa skrubu iliyo wazi huku umesimama peku kwenye saruji, unaweza kupoteza maisha. Pima kwa multimeta kati ya kila chuma unachoweza kukigusa na kila mguu wa plagi, na usiridhike mpaka uwe umeelewa kila ulichokipima. Tazama pia kapasita ndogo iliyofungwa kwenye swichi ili kuzima cheche. Zile za zamani za karatasi hupasuka ganda, zikanyonya unyevu wa msimu wa mvua, na siku moja hutoa moshi mkali wenye harufu isiyotoka chumbani kwa juma zima. Usiijaribu wala usiionee huruma. Iondoe, uweke mpya ya daraja la X2, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa kwenye waya za umeme wa nyumbani. Kapasita ya kawaida yenye thamani ileile haifai mahali hapo.

Sasa nije kwenye mwendo, kwa maana hapa ndipo penye somo kubwa.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Kamalondo aliniletea gramafoni nzuri ambayo bintiye alimtumia kutoka Chicago. Ilikuwa ya volti 120. Niliinunulia transfoma ya kushusha volti, sahani ikazunguka, taa ikawaka, nikamwita. Aliweka santuri aliyoifahamu tangu ujana wake, akasikiliza kwa dakika moja akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniambia kwa upole, “Mwanangu, huyu anayeimba ni kaka yake mkubwa.” Nilidhani masikio yake yamechoka. Yaliyokuwa yamekosea ni yangu.

Transfoma hubadilisha volti, lakini haibadilishi masafa, yaani idadi ya mara mkondo unavyokwenda na kurudi kwa sekunde. Marekani ni hezi 60. Kwetu ni hezi 50. Mota nyingi za gramafoni za zamani huzunguka kwa kufuata masafa hayo, siyo volti, hivyo mota iliyoandaliwa kwa hezi 60 hapa kwetu hupoteza sehemu moja kati ya sita za mwendo wake. Santuri inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka karibu mara 27.8, na sauti hushuka kwa nusu-toni tatu, kiasi cha kutosha kumfanya mwimbaji awe mtu mwingine. Mzee yule aliisikia tofauti hiyo bila kipimo chochote.

Dawa yake ni kapi, lile gurudumu dogo lililo kwenye shina la mota. Chapa kadhaa za Ulaya zilitengeneza makapi ya aina mbili kwa mashine ileile, moja la hezi 50 na jingine la hezi 60, kwa hiyo anza kwa kuuliza kama lipo. Likikosekana, mwendee fundi wa kerezo, umwombe akukerezee la shaba nyeupe lenye kipenyo cha takribani mara 1.2 ya lile la zamani. Mimi nilifanya hivyo, na la kwanza likanifunza jambo: tundu lake halikuwa katikati kabisa, hitilafu ambayo macho hayakuiona, lakini kinanda katika santuri kilitetemeka kama sauti ya mtu anayelia. Mara ya pili nilisimama kando ya mashine nikamwomba fundi atoboe tundu na akereze uso wa nje bila kukifungua chuma kutoka kwenye taya za mashine. Hapo likatoka sawa. Mwombe pia aliache kubwa kidogo, kwa kuwa unene wa ukanda unaounganisha kapi na sahani nao huingia katika hesabu; ni rahisi kupunguza shaba, na haiwezekani kuirudisha.

Mashine chache hukuepusha na shida hii. Lenco L75 ina shina la mota lenye umbo la pia na gurudumu la mpira linalosogezwa juu yake, kwa hiyo unarekebisha mwendo kwa kusogeza tu. Zenye mota ya kuendesha sahani moja kwa moja zikiongozwa na fuwele, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hazijali masafa kabisa. Kwao volti pekee ndiyo ya kuangaliwa.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaoishi na umeme unaokatika. Wengi hupima mwendo kwa karatasi ya duara yenye mistari, inayowekwa juu ya sahani. Chini ya taa ya hezi 50, mistari 180 huonekana kusimama tuli mwendo ukiwa 33 na theluthi. Kipimo hicho ni kizuri umeme wa mtandao ukiwapo. Ukiwa kwenye jenereta, masafa hupanda na kushuka kadiri jirani anavyowasha na kuzima pasi yake, na kwa kuwa taa na mota hula umeme uleule, vyote viwili hubadilika pamoja, na mistari husimama tuli huku mwendo ukiwa umekosea. Kwa hiyo mimi humalizia daima kwa saa. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri, teremsha sindano ili mzigo uwe wa kweli, kisha hesabu mizunguko 100. Inapaswa kuchukua sekunde 180 kamili. Njia hii haihitaji fedha, haitegemei umeme wowote, na mwanafunzi anayeifanya mara kumi hupata sikio la mwendo ambalo hakuna simu itakayompa.

Inverta nazo zinastahili neno. Zile za bei nafuu hutoa mkondo wenye ngazi badala ya wimbi laini, na mota ya gramafoni ikilishwa mkondo huo hunguruma na kupata joto. Mteja mwenye paneli za jua mshauri anunue ya wimbi safi, hata kama ni ndogo, kwa sababu mota hizi hula wati chache sana.

Baada ya mwendo, geukia vinavyosuguana. Grisi ya miaka 50 imegeuka kuwa gundi, na katika Dual zinazojiendesha ndiyo sababu ya kwanza ya mkono kukataa kurudi. Usilazimishe kitu. Ondoa sahani, safisha kila kiungo kwa alkoholi na kijiti cha pamba, kisha rudisha grisi kidogo mno mahali palepale ilipokuwa. Chini ya mkono wa Dual kuna kifuko kidogo cha mpira, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachosukuma mkono uelekee santuri. Kikisagika, mashine huinua mkono na kuushusha hapohapo, na wengi huitangaza kuwa imekufa. Ganda la waya mwembamba, likikatwa kwa urefu unaofaa, hufanya kazi yake vizuri. Lenco nazo zina vipande viwili vya mpira vinavyobeba mkono, ambavyo karibu kila mara utavikuta vimegeuka makombo. Kabla hujavibadilisha, usisumbuke kupima chochote kwenye mkono huo.

Mhimili wa sahani uchomoe, ufute mpaka kitambaa kitoke cheupe, safisha kisima chake, kisha tia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Ukiurudisha, unapaswa kushuka polepole huku ukiibana hewa iliyo chini yake. Ukianguka kwa kishindo, kisima kimelika. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, kwa sababu huganda. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, likichanganyika na mafuta hugeuka kuwa msasa, kwa hiyo katika miezi hiyo mimi hufanya kazi hii asubuhi na mapema, kabla barabara haijaamka, na mhimili hulala ndani ya kitambaa safi kila ninapouacha mezani. Gurudumu la mpira ambalo limekaa miaka mingi likiegemea shina la mota huwa na bonde dogo, nawe utalisikia kama mpigo wa mara kwa mara. Kulisugua kwa msasa laini linapozunguka husaidia likiwa bado laini, lakini likishakuwa gumu kama mfupa, tafuta jingine.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mkono na seluli, na hapa nitasema machache kwa sababu kila seluli mpya huja na karatasi yake. Fuata uzito ulioandikwa wa sindano juu ya santuri: seluli ya AT-VM95E, kwa mfano, hutaka gramu 2, na kuipunguzia ukidhani unaihurumia santuri ni kuidhuru, kwa kuwa sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchimba kuta za mfereji. Waya nne zina rangi zake, nyekundu na kijani kwa kulia, nyeupe na bluu kwa kushoto. Usilehemu kamwe kwenye vijiti vya seluli, maana joto hupanda ndani na kukata nyuzi zilizo nyembamba kuliko unywele. Ukibadilisha seluli ya kauri ya mashine ya sanduku kwa ile ya sumaku, kumbuka kwamba hii ya pili hutoa milivolti chache tu na inahitaji kikuza-sauti cha awali, yaani kile kinachoitangulia spika na kikuza-sauti chake kikuu. Bila hicho mteja atadhani umemharibia mashine.

Neno langu la mwisho linahusu santuri za 78, yaani zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Katika mji huu bado zipo, zimefungwa katika magazeti chini ya vitanda, na baadhi zimebeba gitaa la Katanga la wakati ambapo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mifereji yake ni mipana, nayo hutaka sindano yenye ncha ya mikroni 65 hadi 75, wakati santuri za baadaye hutaka karibu 18. Ile nyembamba husugua sakafu ya mfereji na kutoa kelele tupu. Nazo hazikutengenezwa kwa vinili bali kwa shelaki, ambayo huyeyuka katika alkoholi. Niliwahi kuipangusa moja kwa alkoholi ileile niliyosafishia mhimili, nikaona kitambaa kikigeuka cheusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Ulikuwa ni muziki wenyewe unaotoka. Mwenye santuri hiyo alikuwa ameirithi kwa baba yake, na sikuwa na cha kumlipa. Tangu siku hiyo chupa ya alkoholi hukaa kwenye rafu ya vyuma, na karibu na santuri za 78 huwa kuna maji yaliyochemshwa na kupozwa, tone la sabuni laini, na kitambaa cha pamba, basi.