Sauti kuchelewa kwenye simu za intaneti: acha kodeki kwanza, pima foleni

Mkuu, tatizo lako nalijua maana lilinitesa miezi mingi. Unapiga simu kwa intaneti, sauti inafika safi kabisa, ila mnakanyagana maneno. Unauliza kitu, kimya. Unadhani mwenzako hajasikia, unarudia, kumbe ndiyo kwanza anajibu lile la mwanzo. Umesema intaneti yako ni ya megabiti 50, umeshabadilisha kodeki (programu inayogeuza sauti kuwa data na kuirudisha kuwa sauti) mara tatu, na hali iko palepale. Na umesema jioni huwa mbaya zaidi. Hilo la jioni ulilipitia haraka, lakini kwangu ndilo lenye jibu.

Kwanza kasi. Simu ya sauti haili kitu. Kodeki kongwe ya G.711 inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha vichwa vya pakiti, yaani anwani za vile vifurushi vidogo vya data vinavyobeba sauti, inafika kama 80 hivi. Kodeki mpya zaidi, Opus, inakupa sauti nzuri kuliko hiyo kwa nusu ya matumizi hayo. Kwa hiyo megabiti 50 au 500, kwa simu moja hakuna tofauti ya maana. Kinachokuumiza ni muda ambao kila pakiti ya sauti inasubiri mahali fulani kabla ya kuendelea na safari, na mahali pa kusubiri ni pengi: kwenye kodeki, kwenye ruta, kwenye modemu, njiani, halafu kwenye simu ya anayepokea. Kazi yako ni kujua pakiti zako zinakaa wapi muda mrefu kuliko kwingine.

Kiwango cha kujipimia kipo. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, liitwalo G.114 linasema milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni, upande mmoja, zinatosha kwa mazungumzo ya kawaida bila mtu kuhisi kitu, na mtandao usipangwe kuvuka 400. Katikati hapo ni kuvumiliana. Kwa sikio langu, ikishapita 250 watu wanaanza kuingiliana, na cha ajabu hawalaumu mtandao. Wanaona mwenzao ana dharau.

Mimi nilikosea kwa kuanza kurekebisha kabla ya kupima. Nilibadilisha programu, kodeki, hata mtoa huduma wa simu, na kila mara nilijidanganya kwamba "leo afadhali". Nilipochoka nikafanya hivi. Nilichukua simu mbili, moja ikiwa kwenye intaneti ya nyumbani, nyingine kwenye data ya laini yake ili mazungumzo yalazimike kutoka nje na kurudi. Ile ya pili nikaichomeka hedifoni za waya, na upande mmoja wa hedifoni nikaubandika kwa selotepu kwenye maikrofoni ya kinasa sauti. Nikapiga simu kutoka ya kwanza kwenda ya pili, nikawasha kinasa, nikakaa mbele ya simu ya kwanza na kusema "ta!" kwa nguvu, mara kumi, nikiachia sekunde tatu kati ya moja na nyingine. Kinasa kinasikia "ta" mara mbili: ile ya hewani moja kwa moja, na ile iliyozunguka mtandaoni ikatokea kwenye hedifoni. Ukifungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, unaviona vilima viwili vimesimama. Pima pengo kati yao, na hapo umepata ucheleweshaji wa kweli wa upande mmoja, mdomo hadi sikio, kila kitu kikiwa ndani yake. (Usitumie kalamu ya kubofya wala kofi. Nilianza na kalamu nikapoteza nusu saa, maana programu nyingi za simu zina kichujio cha kelele, kinaumeza mlio wa kalamu kana kwamba haukuwepo. Sauti ya mdomo inapita.)

Mchana, nyumba ikiwa kimya, nilipata milisekunde 310. Jioni nilipata 1,350. Sekunde moja na zaidi! Nilirudia nikidhani nimepima vibaya.

Nikafungua dirisha la amri kwenye kompyuta, nikaanzisha pingi isiyokoma, yaani kutuma pakiti ndogo na kupima milisekunde ngapi jibu linachukua kurudi. Namba zilikuwa zinapanda hadi 1,000 na ushei, zinakaa hapo dakika kadhaa, kisha zinaporomoka ghafla hadi 28. Nikazunguka nyumba nzima kutafuta nani anafanya nini. Ilikuwa simu ya mtu mmoja inafanya bakapu ya picha na video zake kila inapochomekwa chaji jioni. Nikaichomoa, 28. Nikaichomeka, ikasubiri kidogo, 1,090.

Maelezo yake si magumu. Laini yangu wakati ule ilikuwa na megabiti nyingi za kupakua lakini moja tu ya kupakia, na sauti yako inatoka kwa njia ya kupakia. Modemu ina bafa, yaani sehemu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Bafa ya kilobaiti 128 inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: ni zaidi ya biti milioni moja, na kwa megabiti 1 kwa sekunde inahitaji zaidi ya sekunde nzima kumwaga kilichomo. Bakapu inapakia kwa TCP (utaratibu wa kutuma data unaohakikisha kila pakiti imefika), na TCP ina tabia ya kuongeza mwendo mpaka ione pakiti zimepotea. Bafa kubwa haipotezi pakiti, inazipanga tu foleni, kwa hiyo TCP haipati ishara ya kupunguza mwendo na inaendelea kujaza. Pakiti yako ndogo ya sauti ikifika inasimama nyuma ya picha mia. Mhandisi wa kompyuta Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele jambo hili kuanzia mwaka 2010 akaufanya ugonjwa huu ujulikane, na mwaka 2012 watafiti wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni kwa kuangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya kuangalia bafa imejaa kiasi gani.

Ndiyo maana kipimo cha kasi cha kawaida hakikuonyeshi kitu, na pingi uliyopima laini ikiwa tupu nayo inakudanganya. Pima pingi huku unapakia faili kubwa. Ikiruka kutoka makumi hadi mamia, ugonjwa umeshaupata, huna haja ya kuendelea kusoma mambo ya kodeki.

Dawa yake ilikuwa ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), na ndani yake kuwasha SQM, yaani kisimamia foleni, ambayo inatumia fq_codel au CAKE, mbinu za ukoo wa CoDel. Kitu kinachowashangaza watu ni kwamba lazima uiambie ruta ipunguze kasi. Niliweka kikomo cha kupakia kama asilimia 90 ya kasi halisi niliyopima. Sababu ni kwamba foleni hutokea pale njia inapokuwa nyembamba kuliko kwingine. Ukiacha modemu ndiyo iwe nyembamba, foleni iko kwenye kifaa usichoweza kukiamuru. Ukibana kidogo kwenye ruta, foleni inahamia kwenye ruta, na pale unaye msimamizi anayetenganisha pakiti za kila mawasiliano, hivyo ya sauti haisubiri picha mia zipite. Unapoteza sehemu ya kumi ya kasi. Pingi yangu chini ya mzigo ilitoka 1,090 ikakaa kati ya 35 na 45, na "ta" ya jioni ikawa 320, karibu sawa na ya mchana.

Kama ruta yako haina SQM, weka kikomo cha kupakia kwa hicho kifaa kinachofanya bakapu, au bakapu ifanyike usiku wa manane. Si dawa nzuri sana, lakini inatuliza. Kuhusu ile DSCP 46, alama ya kuomba kipaumbele, uliyoshauriwa kuweka kwenye pakiti za sauti, weka kama ruta yako inaiheshimu, ila ukishatoka nje kwenye intaneti ya wote usitegemee kuna atakayeitazama.

Bado nilikuwa na 310 na ushei. Hapo aliyeharibu alikuwa mimi mwenyewe.

Pakiti zinatoka kwako kwa mpangilio mzuri, moja kila milisekunde 20, lakini hazifiki kwa mpangilio huo. Moja inawahi, moja inachelewa, mbili zinafika zimeongozana. Huko kuyumba ndiko wanakoita jita. Simu inayopokea inaweka bafa ya jita, inazuia pakiti kidogo ili izicheze kwa mwendo sawa. Bafa ikiwa fupi sana, pakiti iliyochelewa inatupwa na unasikia sauti inakatika. Ikiwa ndefu, sauti inanyooka lakini kila neno linachelewa kwa urefu wa bafa. Sasa mimi siku za nyuma sauti ilikuwa inakatika (ni ile bakapu, sikujua), nikaingia kwenye mipangilio nikaweka bafa isiyobadilika ya milisekunde 200. Kukatika kulipungua nikafurahi, nikasahau. Foleni iliposhapona, ile 200 ilibaki ikinitoza kila neno bila kazi yoyote. Nikairudisha kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe, ikianzia 20 na isivuke 120. Nikapima tena nikapata 165. Nilipoiondoa simu ya mezani kwenye Wi-Fi na kuichomeka kebo, ikashuka hadi 150, kwa sababu Wi-Fi yenye majirani wengi hurudiarudia kutuma pakiti, kila marudio yanaongeza jita, na bafa inajitanua kuifuata. Angalia mipangilio ya simu yako kabla hujanunua chochote, na kumbuka bafa inayokuchelewesha wewe iko kwako, ile inayomchelewesha mwenzako iko kwake.

Hedifoni za Bluetooth nazitaja upesi: zangu ziliongeza karibu 120 nilipozipima. Ukiwa na simu nyeti, tumia waya.

Kitu kingine ambacho huenda kinakuhusu, kwa vile umesema wakati mwingine unatumia VPN (inayopitisha data yako yote kwanza kwenye seva nyingine). Niliitwa kusaidia ofisi moja ndogo ambayo watu wa ghorofa moja wakipigiana simu wanasikia sauti ya mwenzao kwanza kupitia mlangoni, kisha ndiyo inakuja kwenye simu. Seva yao ya Asterisk, programu ya kuunganisha simu za ofisi, ilikuwa imekodiwa bara jingine, na sauti yote ilikuwa inakwenda huko na kurudi. Mwanga ndani ya nyaya za fiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Seva ikiwa kilomita 6,000 kutoka hapo, kwenda na kurudi ni 60 hata kama kebo ingenyooka kama rula, na hainyooki. Niliwasha direct_media ili seva ipange tu simu halafu vifaa viwili vipelekeane sauti vyenyewe, na mlango ukashindwa. Tahadhari: vifaa vikiwa nyuma ya NAT tofauti (ruta zinazoficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja), mpangilio huu unaweza kukuletea simu ya upande mmoja, wewe unasikia yeye hasikii. Kwa hao wa nje dawa ni kutafuta seva iliyo karibu. VPN nayo ni vilevile, uliza inatokea wapi, na kama inapita juu ya TCP izime unapopiga simu, kwa sababu pakiti moja ikipotea zote za nyuma yake zinasimama kuisubiri irudiwe.

Na kama kuna upande uko kwenye setilaiti ya kimo cha kilomita 35,786, usijichoshe. Kupanda na kushuka tu ni kama milisekunde 240. Zile zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo.

Kodeki nimeiacha nyuma makusudi, najua kuna wakuu watakaosema uende G.729, kodeki inayobana sauti zaidi. Sikubaliani nao. G.729 inakusanya sauti ya milisekunde 10 na kuchungulia 5 zaidi mbele kabla ya kutoa kitu, ilhali G.711 haichungulii chochote. Kwa hiyo kuhama kutoka G.711 kwenda G.729 hakupunguzi muda, labda laini yako iwe nyembamba kweli kweli. Zamani ilikuwa na maana: kwenye kilobiti 256, pakiti moja kubwa ya baiti 1,500 ilichukua milisekunde 47 kutoka tu, na kila biti ilihesabika. Opus kwa mipangilio yake ya kawaida ina 26.5, mimi naiacha hivyo. Kitu cha kuangalia ni kama kuna mtu aliweka fremu (vipande vya sauti vya kila pakiti) za milisekunde 60 ili kuokoa data, maana hapo umeongezewa 40 za bure. Na hakikisha pande zote mbili zinatumia kodeki moja, ili seva isilazimike kutafsiri katikati.

Kwa hiyo fanya "ta!" mara mbili, mchana nyumba ikiwa kimya na jioni wote wakiwa wamerudi, kisha pingi ya jioni huku faili kubwa linapakiwa. Weka hapa namba hizo tatu pamoja na bafa ya jita ilivyowekwa kwenye simu yako. Za mchana na jioni zikipishana sana tunaanza na ruta. Zikilingana na zote ziko juu, nitaomba unitajie seva yako iko wapi.