Rehani, Akiba na Pensheni: Pesa Ikibaki, Iende Wapi Kwanza?

Rejesho la nyumba limeshakatwa, ada imelipwa, umeme upo, jikoni hapajakauka, na bado kuna kitu kimebaki kwenye akaunti. Hapo ndipo majadiliano yanapoanza nyumbani kwetu. Mimi deni hunikosesha usingizi, kwa hiyo kila senti inayobaki ningependa iende kupunguza mkopo. Mke wangu anataka pesa akae nayo karibu. Na pensheni, kwa sababu haipigi simu wala haitumi barua ya kudai, mara nyingi haina wa kuitetea mezani. Tumelijadili suala hili kwa miaka, na ninayoandika hapa ndiyo tuliyofikia.

Nianze na deni, maana ndilo linalowaumiza wengi bila kujua linavyofanya kazi. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa sarafu yoyote unayotumia, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi ni kama 11,011. Mwezi wa kwanza, 10,000 katika hizo ni riba tupu. Deni la msingi, yaani pesa yenyewe uliyokopa, linapungua kwa 1,011 tu. Ukilipa kwa uaminifu miaka 10 bila kukosa hata mwezi mmoja, yaani nusu ya safari, bado utadaiwa kama 767,000. Nilipoiona hesabu hii kwenye ratiba ya marejesho yetu wenyewe, nilielewa kwa nini watu hulipa miaka na miaka wakaona salio halisogei. Halisogei kweli.

Sasa ongeza 1,000 kila mwezi tangu mwanzo, juu ya zile 11,011. Mkopo huohuo unaisha baada ya miaka 15 badala ya 20, na riba unayookoa ni karibu 485,000. Nyongeza ndogo ya mapema ina nguvu kwa sababu yote inaingia kwenye deni la msingi, na kila kinachotoka pale hakitozwi riba tena kwa miaka yote iliyobaki. Ndiyo maana naamini katika nyongeza ndogo isiyokatika kuliko kusubiri siku ukipata pesa nyingi. Siku hiyo mara nyingi huja imeshapangiwa kazi nyingine.

Lakini kabla hujapeleka hata senti, nenda benki na mkataba wako mkononi, uliza mambo matatu. La kwanza: riba yangu inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au ilipigwa mara moja kwa mkopo wote siku niliyosaini? Kama ni hii ya pili, kulipa mapema huenda kusikuokolee kitu, au kukakuokolea kidogo sana. La pili: kuna tozo ya kulipa kabla ya muda? Mikopo mingi ya riba isiyobadilika ina tozo hiyo, na mingine inakuruhusu kulipa zaidi hadi kiwango fulani kwa mwaka bila kukutoza. La tatu, ambalo watu hulisahau: nyongeza yangu itakwenda wapi? Benki inaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na hapo deni la msingi linapungua kwa kasi ileile ya zamani. Andika barua au barua pepe, useme wazi kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi na muda wa mkopo ufupishwe. Kisha mwezi unaofuata angalia salio. Usiridhike na kauli ya mdomo ya afisa mikopo, hata akiwa mkarimu kiasi gani.

Hapo ndipo mke wangu huniuliza swali lake. "Baba watoto, hiyo pesa ukishaipeleka, tukiihitaji tutaipata?"

Kwa mikopo mingi jibu ni hapana. Ipo mikopo inayokuruhusu kuchota tena ulichozidisha, na ipo inayounganishwa na akaunti ya akiba ili salio la akiba lipunguze riba ya mkopo huku pesa ikibaki yako. Ukiwa na mkopo wa namna hiyo, mengi ninayoyasema hapa yanakuwa mepesi kwako. Wengi wetu hatuna. Na zaidi ya hapo, kuzidisha malipo mwaka huu kwa kawaida hakukusamehe rejesho la mwakani. Ukipoteza kazi mwezi ujao, benki itadai rejesho la mwezi ujao, hata kama umeshalipa ziada kubwa kiasi gani. Ziada yako imo ndani ya kuta za nyumba, na ukuta haulipi ada.

Mvua ilipopenya darini kwenye chumba cha watoto, tulitega ndoo usiku kucha tukizimwaga kwa zamu. Asubuhi fundi alipanda juu, akashuka na kipande cha bati kilichooza kingo zake zote, akataja gharama, nasi tukamlipa siku ileile kutoka kwenye akiba. Hatukukopa kwa mtu, hatukugusa rejesho. Tangu asubuhi ile sina ubishi na mke wangu kuhusu akiba ya dharura: matumizi ya miezi mitatu kwanza, na sita ikiwa kipato chenu kinategemea mtu mmoja au kinapanda na kushuka. Iwe kwenye akaunti inayofikika haraka, lakini si ile ya matumizi ya kila siku. Mfumuko wa bei utaila kidogo, ndiyo. Huo ndio ujira wa kuwa na pesa saa unapoihitaji, na mimi naulipa kwa moyo mmoja.

Ila akiba ya dharura isichanganywe na mambo tunayoyajua. Ada si dharura. Bima ya gari si dharura. Sikukuu zina tarehe. Sisi tuliorodhesha kila kitu kinachokuja mara moja au mbili kwa mwaka, tukajumlisha, tukagawa kwa 12, na kiasi hicho hutoka siku ya mshahara kwenda akaunti yake. Baada ya hapo ndipo tunasema kuna kilichobaki. Kabla ya kufanya hivyo tulikuwa tunaita "baki" pesa ambayo ilikuwa ya muhula ujao. Wazazi nao wamo kwenye orodha: dawa za mama tunazijua, hivyo zina fungu lao.

Na kama una mkopo wa simu, wa kadi au wa dukani, huo umalizwe kabla ya kufikiria kuzidisha wa nyumba. Riba yake karibu kila mara ni kubwa zaidi, na hakuna hesabu inayokubali uharakishe deni la asilimia 12 huku la asilimia 30 likikuchuna.

Tuje kwenye pensheni. Kama mwajiri wako anachangia kwa kadiri unavyochangia wewe, chukua mchango wake wote, hata kabla ya kuzidisha mkopo. Ukiweka 100 naye akaweka 100, umeshapata maradufu siku hiyohiyo, na hakuna mkopo wa nyumba ambao kuulipa mapema kutakupa faida hiyo. Nchi nyingi pia huupunguzia kodi mchango wa pensheni, kwa hiyo unaoona umekatwa kwenye mshahara ni mdogo kuliko ulioingia kwenye mfuko. Jambo lingine ni muda. Gawa 72 kwa asilimia ya faida, utapata takriban miaka ambayo pesa huchukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Aliyeweka 100 akiwa na miaka 30, akifika 66 imekaribia mara nane. Aliyeiweka akiwa na miaka 42 ana mara nne. Mkopo wa nyumba unaweza kuukimbiza baadaye mshahara ukipanda, lakini ile miaka 12 hairudi.

Ubaya wa pensheni ni ule wa kuta: imefungwa. Mifuko mingi haikuachii kabla ya umri wa kustaafu isipokuwa kwa sababu chache. Basi mimi hulinganisha riba ya mkopo na faida ya akiba baada ya kodi. Mkopo ukiwa asilimia 12 na akiba ikitoa 5, kinachozidi dharura kinakwenda kwenye mkopo. Mkopo ukiwa asilimia 4 na akiba ikitoa 5, sioni sababu ya kukimbilia benki, ingawa namwelewa anayefanya hivyo ili alale vizuri. Usingizi nao una thamani yake, mradi usiununue kwa akiba ya dharura.

Mwaka huu mtoto wetu mkubwa anaingia sekondari, kwa hiyo nyongeza ya mkopo tumeipunguza hadi nusu. Mchango wa pensheni hatukuugusa, na fungu la dharura limebaki lilivyo. Ninyi mnaosoma, kabla ya kupanga nyongeza yoyote, fungueni faili la pensheni muone ni nani ameandikwa kuwa mnufaika. Wengi walijaza fomu ile kabla hawajaoa au kuolewa na hawajairudia. Muulize pia benki kama mkopo wenu una bima inayolipa salio iwapo mkopaji atafariki, na kama inamhusu mmoja wenu au wote wawili.