Kwa nini dawa iendelee baada ya kurudishiwa seli shina

Dada, umeuliza kwa nini mumeo, aliyerudishiwa seli shina zake (zile zinazotengeneza damu) miezi mitatu iliyopita na ambaye protini ya mailoma, saratani ya uboho wa mifupa, haionekani tena katika damu yake, ameandikiwa lenalidomidi, dawa ya kapsuli ya kuuzuia ugonjwa usirudi, na ataimeza mpaka lini. Nami niliuliza hivyo hivyo hapa Birmingham, Uingereza, mwaka 2021, tena kwa hasira, kwa kuwa nilidhani nimemaliza.

Nilielezwa kwamba melfalani ya dozi kubwa, dawa ya saratani tunayopewa kabla ya kurudishiwa seli shina, hufyeka seli nyingi za ugonjwa, lakini chache hubaki zimejificha ndani ya uboho, na hizo ndizo humrudisha mtu wodini. Uchambuzi wa mwaka 2017, uliojumlisha majaribio matatu yenye wagonjwa 1,208, ulionyesha kuwa nusu ya waliotumia lenalidomidi walipitisha miezi 52.8 kabla ugonjwa haujaendelea, ilhali kwa wasioitumia ilikuwa miezi 23.5. Ni kweli pia kwamba saratani nyingine mpya zilijitokeza zaidi kwa waliotumia, na daktari wangu hakunificha hilo. Nilipima, nikaona faida ni kubwa zaidi.

Kuhusu muda, mimi humeza miligramu 10 kwa siku 21 na kupumzika siku 7, na hivyo hivyo mpaka ugonjwa urudi au mwili ukatae. Wenye kasoro fulani za kromosomu wakati mwingine hupewa dawa nyingine ya sindano, bortezomibu, kwa hiyo ulizeni kipimo cha kromosomu za seli za ugonjwa kilionyesha nini.

Kilichonitesha ni kuharisha, na hakukuanza mwanzoni bali mwaka wa pili, hata nikawa sipandi basi kabla ya kujua choo kiko wapi. Niliacha maharage, nikaacha nazi, bure kabisa. Muuguzi ndiye aliyegundua kuwa dawa hii huweza kuuzuia utumbo kuifyonza tena nyongo. Nikapewa vidonge vya kuinasa nyongo hiyo, nikapunguza mafuta, na ndani ya wiki moja nikatulia. Ningekuwa nimekaa kimya kwa haya, pengine ningeiacha dawa yenyewe. Chembe nyeupe za damu ziliposhuka sana nilipunguziwa dozi hadi miligramu 5, na sikuona kuwa nimeshindwa.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, muwahi hospitali siku hiyo hiyo, maana damu huweza kuganda. Mimi nilipewa aspirini kwa sababu hiyo, pamoja na asikloviri ya kuzuia mkanda wa jeshi.

Naomba radhi kulisema hili hadharani, lakini lenalidomidi ni ndugu wa talidomidi, dawa iliyolemaza watoto tumboni miaka ya 1950 na 1960, na huweza kupatikana katika mbegu za mwanamume. Ikiwa bado unaweza kushika mimba, mumeo atumie kondomu muda wote wa dawa, hata zile siku za mapumziko, wala wewe usizifungue kapsuli zake.

Mimi huimeza usiku, ili uchovu wake unikute kitandani.